Mia Tatu Tu: Jinsi Wanasiasa Wanavyoiweka Bima ya Afya Kwenye Fremu

Shangazi yangu anauza mitumba. Siku moja alituma kwenye kundi letu la familia la WhatsApp skrinishoti mbili, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa posti ya mwanasiasa wa upande wa serikali: bima mpya ya afya ni shilingi 300 tu kwa mwezi, hata mama mboga ataimudu. Ya pili ilitoka kwa mwanasiasa wa upinzani: wanakukata asilimia 2.75 ya jasho lako, tena bila kikomo. Chini yake shangazi akaandika maneno manne: "Sasa nani anasema ukweli?"

Jibu ni kwamba wote wawili walisema ukweli. Kama ungekuwa uongo mtupu tungeshamalizana nao. Ungekagua namba, ungekuta si kweli, ukaendelea na shughuli zako. Hapa namba ni sahihi, sheria ni ile ile, na bado mtu akisoma posti ya kwanza anapumua, akisoma ya pili anakasirika.

Hebu tuanze na hesabu, maana kwenye posti zote mbili hesabu haikufanywa. Kabla ya Oktoba 2024 Wakenya walikuwa chini ya NHIF, mfuko uliokuwepo tangu 1966. Mwenye ajira rasmi alikatwa kwa ngazi: anayepata 20,000 alikatwa 750, anayepata 50,000 alikatwa 1,200, na kuanzia 100,000 kwenda juu kila mtu alikatwa 1,700, awe karani mwandamizi au mkurugenzi wa benki. Asiye na ajira rasmi alilipa 500 kwa mwezi. Sheria mpya ilisainiwa Oktoba 2023, na mamlaka mpya, SHA, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Sasa makato ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi.

Kwa hiyo wa 20,000 ameshuka kutoka 750 hadi 550. Wa kama 33,000 hahisi tofauti. Wa 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375. Wa 100,000 kutoka 1,700 hadi 2,750. Na yule wa nusu milioni, ambaye zamani alilipa 1,700 sawasawa na wa laki moja, sasa analipa 13,750. Ukiitazama hivyo, ni mageuzi ambayo mwalimu wa uchumi wa mrengo wa kushoto angeyapigia makofi: mwenye nacho achangie zaidi. Ajabu ni kwamba sijaona mwanasiasa wa serikali akiitetea kwa maneno hayo kwa kujiamini. Wanarudi kwenye 300, kwa sababu 300 haina adui.

Sasa hili neno fremu. Ukienda studio ya picha, fremu ndiyo inayoamua nini kinaonekana na nini kinakatwa pembeni. Picha yenyewe haijachezewa. Katika sayansi ya mawasiliano, Robert Entman aliliweka vizuri mwaka 1993: kuweka jambo kwenye fremu ni kuchagua baadhi ya sura za uhalisia na kuzipa uzito, ili ziseme tatizo ni nini, nani kalisababisha, nani ni mwema au mbaya, na dawa yake ni ipi. Kazi nne. Posti ya "mia tatu tu" inazifanya zote ndani ya mstari mmoja: tatizo lilikuwa bei, mkosaji ni mfumo wa zamani, mwema ni aliyeshusha, dawa ni kujisajili. Posti ya asilimia 2.75 nayo ni hivyo hivyo: tatizo ni makato, mkosaji ni serikali yenye njaa, na dawa ni kukataa. Ilitua kwenye udongo uliokwisha kulimwa, kwa sababu mwaka 2024 ndio ule wa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha. Neno lolote lenye harufu ya kodi lilikuwa tayari linawaka.

Pengine unajiuliza kama maneno tu yanaweza kumbadilisha mtu mzima mwenye akili zake. Jaribio maarufu kuliko yote kwenye uwanja huu linahusu afya. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwaambia washiriki kwamba ugonjwa unatarajiwa kuua watu 600, wachague kati ya mipango miwili. Kundi moja liliambiwa: mpango wa kwanza utaokoa watu 200 kwa uhakika, wa pili una nafasi moja kati ya tatu ya kuokoa wote 600 na mbili kati ya tatu ya kutookoa yeyote. Asilimia 72 walichagua uhakika. Kundi la pili lilipewa mipango hiyo hiyo kwa kuhesabu vifo: wa kwanza watakufa 400, wa pili kuna nafasi moja kati ya tatu kwamba hafi mtu na mbili kati ya tatu kwamba wanakufa wote. Safari hii waliochagua uhakika walikuwa asilimia 22 tu. Angalia tena: 200 kuokoka kati ya 600 na 400 kufa kati ya 600 ni kitu kimoja.

Basi wanafunzi wengi wa somo hili (nikiwemo mimi mwaka wangu wa kwanza) hutoka hapo wakiamini wananchi ni udongo wa mfinyanzi. Tuliza boli. Washiriki wale waliona fremu moja tu kila mtu. Mwaka 2007 Dennis Chong na James Druckman walionyesha kwamba watu wakipewa fremu mbili zenye nguvu zinazopingana, nguvu ya kila moja hupungua, na mtu huelekea kurudi kwenye yale aliyokuwa akiyathamini tangu mwanzo. Kwa maana hiyo shangazi yangu, aliyeziweka skrinishoti mbili pamoja, ni msomaji ambaye watafiti wanamwota. Ameona pande zote.

Lakini bado hakusaidika. Kwa nini?

Nimezisoma zile posti mbili mara nyingi kuliko inavyostahili, na nadhani sababu ni hii: fremu zinazopingana zinaweza kuficha kitu kile kile. Serikali na upinzani waligombana juu ya kiasi. Hakuna aliyetaja namna ya kulipa. Kwa mtu wa sekta isiyo rasmi, mchango ulipangwa ulipwe wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mia tatu kwa mwezi ni 3,600 mkononi siku moja. NHIF ilikuwa 500, ndiyo, lakini ungeweza kulipa mwezi kwa mwezi. Kwa muuza mitumba ambaye mtaji wote ni bunda moja la nguo, tofauti kati ya 300 na 3,600 ndiyo sera yenyewe. Hizo asilimia za mabishano hazikatwi kwenye hati yake ya mshahara, kwa sababu hana. Serikali ilikuja kulijibu tatizo hilo mwaka 2025 kwa mpango wa kukopeshwa mchango, Lipa SHA Pole Pole. Kwa hiyo tatizo lilikuwepo tangu mwanzo, ila halikuwa na fremu.

Na kuna la pili lililokatwa pembeni ya picha: nani anaamua kama wewe ni wa 300? Huchagui mwenyewe. Kuna maswali ya kupima uwezo wa kaya: nyumba yako imejengwa kwa nini, choo ni cha aina gani, una mifugo, mko wangapi. Kutokana na majibu hayo mfumo unakisia kipato chako na kukupangia mchango. Wanatakwimu wanazijua mbinu hizi na wanazijua pia dosari zake: zinafanya kazi vizuri zaidi kwa wastani wa kundi kuliko kwa mtu mmoja mmoja. Mjane aliyeachiwa nyumba ya matofali anaonekana tajiri. Kijana wa Nairobi mwenye pesa lakini anayepanga chumba kimoja anaonekana fukara. Hili lingekuwa jambo zuri la kujadili hadharani, kwa sababu lina majibu ya kitaalamu na lina majibu ya kisiasa. Sijaona posti ya mwanasiasa iliyolieleza. Halina picha nzuri, nafikiri.

Picha nzuri ni ile ya namba ya waliojisajili. Hii ndiyo aina ya posti iliyotawala: grafu au kadi yenye rangi za bendera, tarakimu kubwa katikati, na chini neno Taifa Care. Kufikia katikati ya 2025 namba hiyo ilishapita milioni 20. Kwa nchi iliyohesabu watu milioni 47.6 kwenye sensa ya 2019, ni namba ya kujivunia, na nataka kuwa wa haki hapa: kujisajili si kitu bure. Ukishajisajili unastahili huduma za msingi kwenye zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na ya 3, zinazolipiwa na mfuko wa serikali. Lakini ukipewa rufaa kwenda ngazi ya 4 hadi ya 6, kule kwenye upasuaji na kulazwa, kinachotakiwa ni mchango uliolipwa. Na wale wa sekta isiyo rasmi waliolipa walikuwa sehemu ndogo ya waliojisajili.

Tofauti hiyo kwenye posti inaonekana kama ya kihasibu. Ngoja nikupe mfano wa kubuni. Watu 100, kila mmoja alipe 3,600 kwa mwaka: kapu lina 360,000. Mwaka huo watano wanaugua sana, kila mmoja gharama yake 50,000, jumla 250,000. Kapu linatosha na chenji inabaki. Sasa chukua wale wale 100 waliojisajili, ila wanaolipa ni 20 tu. Unadhani ni 20 gani? Hawatakuwa wa bahati nasibu. Atalipa mwenye kisukari, atalipa mjamzito, atalipa aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe unahitaji kukatwa. Wale watano karibu wote wamo. Kapu lina 72,000 na bili ni 250,000. Posti bado inasoma "100 wamejisajili" na haijadanganya hata chembe. Lakini hospitali inayosubiri kulipwa inaijua namba nyingine.

Hapo ndipo fremu za mwaka 2025 zilipohamia: kutoka bei kwenda wizi. Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa vituo kadhaa kwa tuhuma za madai ya uongo. Hospitali binafsi, kupitia chama chao RUPHA, zikalalamika kuhusu madeni, yakiwemo yale ya enzi za NHIF. Rudi kwa Entman uone uzuri wa kifaa chake. Tatizo ni moja, pesa hazitoshi. Upande mmoja chanzo chake ni madaktari wezi, upande wa pili ni mlipaji asiyelipa. Madai ya uongo yapo, kila mfumo wa bima duniani unayo, na kuyakamata ni kazi halali. Ila wizi una faida moja ya kimtandao ambayo upungufu wa wachangiaji hauna: una sura ya mtu. Unaweza kukasirikia jina la kliniki. Huwezi kulikasirikia kapu lenye 72,000.

Kuhusu hasira, utafiti unaotajwa sana ni wa William Brady na wenzake, 2017. Walichunguza zaidi ya ujumbe 560,000 wa Twita kuhusu silaha, ndoa za jinsia moja na mabadiliko ya tabianchi nchini Marekani, wakakuta kwamba kila neno moja lenye hisia na hukumu ya maadili liliongeza usambaaji kwa takriban asilimia 20. Ni matokeo matamu, na nimeyaona kwenye slaidi za kila semina. Yanywe na maji. Mwaka 2021 Jason Burton, Nicole Cruz na Ulrike Hahn walirudia uchambuzi kwa data zaidi na kuonyesha kwamba uhusiano huo hautokei kila mahali, na kwamba kuhesabu maneno kunaweza kukuletea uhusiano hata pale ambapo maelezo yake ni dhaifu. Nalisema hili kwa sababu sisi tunaopenda sayansi nasi tuna fremu zetu: "algoriti inapenda hasira" ni "mia tatu tu" ya upande wetu.

Ushahidi ninaouamini zaidi hauhusu maneno makali. Unahusu hadithi ya mtu mmoja. Mwaka 1991 Shanto Iyengar, akichunguza habari za televisheni, alionyesha kwamba umaskini ukionyeshwa kupitia maisha ya mtu mmoja, watazamaji huelekea kumtupia lawama mtu huyo. Ukionyeshwa kama hali ya nchi, lawama inaelekea kwa jamii na serikali. Sasa fikiria zile posti za mgonjwa kitandani, mwanasiasa kasimama pembeni ameshika mkono wake, na maelezo kwamba bili imelipwa. Umeziona, za vyama vyote, za Nairobi mpaka kaunti ya mwisho. Mgonjwa amevaa gauni la hospitali na uso wake uko wazi kwa watu laki mbili. Alikubali, labda. Nani atakataa kupigwa picha na aliyelipa bili yake?

Posti hizo ndizo zinazonikera kuliko zote, kuliko hata namba. Kwa mujibu wa ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Picha ya mkono kitandani inaigeuza haki kuwa hisani. Inamfunza anayeitazama kwamba njia ya kupata upasuaji ni kuonwa na mheshimiwa. Na kwa kuwa vituo vingi viko chini ya kaunti tangu ugatuzi, huku sera na hospitali kuu za rufaa zikibaki kwa serikali ya taifa, kila upande unaweza kupiga picha na mgonjwa aliyepona na kumwachia mwenzake wodi isiyo na dawa. Fremu inapangwa kwa kuchagua wodi.

Usidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Tarehe 7 Agosti 2009 Sarah Palin aliandika kwenye Facebook kwamba mageuzi ya afya ya Barack Obama yangewafikisha wazee na mtoto wake mwenye ulemavu mbele ya "jopo la kifo". Kilichokuwemo kwenye mswada ni kipengele cha kumlipa daktari akikaa na mgonjwa, kwa hiari, kuzungumzia huduma anazotaka mwisho wa maisha. PolitiFact iliuita uongo wa mwaka. Kipengele kiliondolewa hata hivyo. Malipo hayo kwa wazee wa bima ya Medicare yalikuja kuanza Januari 2016, na kati ya hapo na 2009 ni wagonjwa wangapi walikufa bila kuulizwa wanataka nini? Posti moja. Na jina lenyewe la sheria likawa fremu: kura ya maoni ya CNBC ya Septemba 2013 ilikuta waliopinga "Obamacare" ni asilimia 46, lakini ukiitaja kwa jina lake rasmi waliopinga walikuwa 37. Sheria moja, majina mawili. Ukijua hilo hushangai kwamba Linda Mama iligeuka Linda Jamii.

Kuna kasoro kwenye ukosoaji huu wangu na ni afadhali niiseme. Ninaweza kukosoa ninachokiona tu. Twita, sasa X, ilifunga mlango wa bure wa data mwaka 2023, na CrowdTangle, kifaa tulichotumia kufuatilia kurasa za Facebook, kilizimwa Agosti 2024. Tunabaki kuhesabu laiki kwa mkono kama wahasibu wa kioski. Na wakati sisi tunahesabu posti za X, ambako wapo wanahabari na wanafunzi kama mimi na wewe, siasa ya afya inasafiri kwenye stetasi za WhatsApp na sauti za dakika mbili zinazotumwa kundi kwa kundi, mahali ambapo mtafiti haingii bila kukaribishwa na shangazi yake.

Nilimjibu, ndiyo. Nilimwandikia kwamba wote wanasema ukweli na hakuna aliyemjibu swali lake. Kisha nikamwomba aniambie paa ni la nini, choo kiko wapi, na wako wangapi nyumbani, tukisie pamoja mfumo utampangia ngapi. Akaniuliza kwanza kama hizo pesa akilipa leo, na sukari yake hii, zahanati ya pale kwao itakuwa na dawa mwezi wa sita. Hilo halikuwemo kwenye skrinishoti yoyote.